Wapambe wa Selina Meyer

 Leo nataka tuzungumzie vichekesho vya televisheni, na nakuomba tuvichukulie kwa uzito, kwa sababu vichekesho hivi vinatufundisha namna ofisi za wakubwa zinavyoendeshwa kuliko hotuba nyingi tunazozisikia.

Makamu wa Rais wa Marekani aitwaye Selina Meyer ana swali analomuuliza katibu wake kila mara anapopita mbele ya meza yake: je, Rais amepiga simu? Katibu huyo, Sue Wilson, ni mwanamke makini asiyebabaishwa na cheo cha mtu. Jibu lake ni kwamba hajapiga. Kesho swali ni hilohilo na jibu ni hilohilo. Siku zinakwenda, simu haiji, na bosi anaendelea kuuliza kwa sauti ya mtu anayejikaza aonekane hajali. Mara ya kwanza mtazamaji anacheka. Ikifika mara ya tano anaanza kumwonea huruma, na hapo ndipo watunzi walipotaka afike.

Selina ni mhusika wa kubuni katika kipindi kiitwacho Veep, jina ambalo Wamarekani hulitumia mitaani kumaanisha makamu wa rais. Kilianza kurushwa na kituo cha HBO tarehe 22 Aprili 2012, kikamalizika 12 Mei 2019, misimu 7, sehemu 65. Anayemwigiza ni Julia Louis-Dreyfus, ambaye wengi walimfahamu zamani kama Elaine wa kipindi cha Seinfeld. Kwa nafasi ya Selina alichukua tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho mara sita mfululizo, kuanzia 2012 hadi 2017. Na alistahili. Uso wake unaweza kumchekea mgeni, kumtukana msaidizi na kuhesabu kura, vyote kwa wakati mmoja.

Kwa nini watunzi walichagua cheo cha makamu na si urais? Kwa sababu ndicho cheo kikubwa chenye kazi ndogo kuliko vyote. John Adams, mtu wa kwanza kukishika, alimwandikia mkewe Abigail akilalamika kwamba nchi imempa kazi isiyo na maana kuliko kazi yoyote ambayo binadamu amewahi kuibuni. Katiba ya Marekani inamtaka makamu asimamie Baraza la Seneti, ambako anapiga kura pale tu kura zinapofungana, na akae tayari endapo Rais atafariki, atajiuzulu au atashindwa kazi. Kamala Harris alipokuwa makamu alipiga kura 33 za namna hiyo, akaivunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu karne ya 19. Kura 33 kwa miaka minne, na hiyo ndiyo rekodi.

Selina basi anakaa kwenye cheo hicho. Alikuwa seneta wa Maryland, akautaka urais, akashindwa ndani ya chama chake mwenyewe, akakubali kuwa wa pili kwa mtu aliyemshinda. Rais huyo, Hughes, hatumwoni hata mara moja. Tunawaona watu wake, tunasikia amekasirika, tunasikia amefurahi, basi. Hata jina la chama halitajwi, toka mwanzo hadi mwisho. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara mno. Chama kingetajwa, nusu ya watazamaji wangejitoa wakasema hayo ni ya wenzetu wale. Hakikutajwa, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia.

Aliyekibuni kipindi hiki si Mmarekani. Ni Armando Iannucci, mzaliwa wa Glasgow huko Scotland, mtoto wa baba Mwitaliano. Kabla ya hapo alikuwa ameitengenezea BBC kipindi cha The Thick of It, kilichoanza mwaka 2005, kuhusu wizara moja ya Uingereza na wasaidizi wake wenye midomo michafu. Alipovuka bahari alikwenda na mtindo wake: kamera inayobebwa mkononi, inayowafuata watu kwenye korido kama mtu anayepeleleza, na waigizaji wanaopewa nafasi ya kuongeza ya kwao wakati wa mazoezi, kisha maneno yao yanaingizwa kwenye andiko. Ndiyo maana mazungumzo yao hayasikiki kama yamekaririwa. Wanakatizana, wanadakizana, wanamaliza sentensi za wenzao vibaya. Atakayekitazama kwa mara ya kwanza itambidi awe na subira, maana maneno yanakwenda kasi.

Sasa tuje kwenye ofisi yenyewe, kwa kuwa kwangu mimi kipindi hiki ni cha wasaidizi kabla hakijawa cha Selina.

Katika sehemu ya kwanza kabisa, Makamu wa Rais ana kampeni ya kuondoa vijiko vya plastiki katika ofisi za serikali na kuleta vya unga wa mahindi. Jambo dogo, na jema. Lakini wenye plastiki wanakasirika, nyuma yao wamo wenye mafuta, na kabla ya jioni vijiko vimegeuka mgogoro wa taifa. Siku hiyohiyo ofisi inatakiwa kupeleka kadi ya rambirambi kwa mjane wa seneta. Bosi hana muda wa kusaini, Amy Brookheimer, mkuu wa wafanyakazi wake, anaichukua amsainie. Anaandika jina lake mwenyewe badala ya jina la bosi. Kosa la nusu sekunde, la mtu aliyechoka, ambalo yeyote aliyewahi kusaini kwa niaba ya mkubwa anajua linavyotokea. Ofisi nzima inahangaikia kadi moja. Sijawahi kuona kazi ya ukatibu ikionyeshwa kwa ukweli kama ule.

Amy ni mchapakazi aliyeyatoa maisha yake yote kwa mwanamke mmoja. Dan Egan ni kijana mtanashati aliye tayari kumkanyaga yeyote ili apande. Mike McLintock, msemaji, amechoka na kazi kiasi kwamba amebuni mbwa asiyekuwepo, apate kisingizio cha kuondoka mapema. Jonah Ryan anatoka upande wa Rais, na anajua kuwa huko atokako ndiko kunakompa heshima asiyoistahili, kwa hiyo haachi kujitapa nako. Watu kama hawa wapo katika kila ofisi ya umma duniani.

Lakini ninayetaka tukae naye kidogo ni Gary Walsh, anayeigizwa na Tony Hale. Kazi ya Gary ni kubeba mkoba. Ni mkoba mweusi mkubwa, umepewa hata jina, na ndani yake mna kila kitu ambacho Selina anaweza kukihitaji kabla hajajua kwamba anakihitaji: rangi ya mdomo, dawa ya kusafisha mikono, vitafunio, vidonge. Gary hasimami pembeni ya Selina, husimama nyuma ya bega lake. Mgeni anapokaribia kwenye tafrija, Gary anainamisha mdomo hadi sikioni kwa bosi na kumnong'oneza: jina la mgeni, jina la mkewe, jambo moja la kumuuliza. Sekunde inayofuata Selina anafungua mikono na kumpokea mgeni kama ndugu aliyepotea. Mgeni anaondoka akiwa na furaha kwamba mkubwa anamkumbuka. Hajui kwamba aliyemkumbuka ni mbeba mkoba.

Msikilizaji, mtu huyu tunamjua. Ndiye anayeshuka garini wa kwanza, anayeshika simu mbili za mheshimiwa pamoja na miwani yake, anayejua mheshimiwa hali nini na hataki kukaa karibu na nani. Kwenye picha za magazeti hukatwa, labda linabaki bega tu. Veep kilimrudisha ndani ya picha, na Tony Hale akapata Emmy mbili kwa nafasi hiyo, 2013 na 2015.

Ule mkoba unamuumiza Gary bega, naye anaficha maumivu kwa sababu anaogopa bosi akijua atambebesha mtu mwingine. Hebu fikiria: mtu anaulinda mzigo unaomwumiza. Baadaye, katika msimu wa tatu, Rais anaamua kujiuzulu, na Selina anajua kwamba muda si mrefu atakuwa yeye.  Habari hiyo anamwambia Gary, chooni. Wanashikwa na kicheko kisichozuilika, wanacheka hadi wanashindwa kupumua, na Gary anatokwa damu puani. Ni dakika chache tu, lakini ndizo dakika pekee katika misimu yote saba ninazoamini kwamba Selina anampenda mtu.

Halafu siku moja akiwa tayari ni Rais, anamfokea Gary kwa sababu ya gharama za dhifa ya kitaifa, anamwambia kwamba yeye si mtu muhimu. Gary, aliyemeza kila tusi kwa miaka, anamjibu. Anamkumbusha ni nani anayemshika asianguke, nani anayejua siri zake zote. Sauti inamtetemeka. Selina anabaki ameduwaa, maana hakuwa amewahi kufikiri kwamba mkoba una mdomo. Ukipata nafasi ya kutazama sehemu moja tu ya kipindi hiki, tazama hiyo, iko mwanzoni mwa msimu wa nne.

Kwa Kiswahili chetu cha mtaani tunasema wapambe nuksi, na tunamaanisha kwamba mkubwa ni mtu mwema, anayemharibu ni wanaomzunguka. Veep kinalikataa wazo hilo, nami nakubaliana nacho. Wapambe wa Selina ni waongo kwa sababu ukweli uliwahi kuletwa mezani kwake ukarudishwa kwa matusi. Ni waoga kwa sababu yeye anaogopa. Dan ni msaliti na Selina alimwajiri kwa ajili ya usaliti huohuo. Bosi anatengeneza ofisi kwa namna anavyopokea habari mbaya asubuhi. Mwenye kutaka kumjua kiongozi, aache kwanza kusikiliza hotuba zake, aangalie sura za wanaofungua mlango wa ofisi yake.

Na je, uanamke wake? Hili linahitaji uangalifu. Mwaka 1985 televisheni ya ABC iliwahi kujaribu kichekesho kuhusu mwanamke aliyekuwa Rais wa Marekani, Hail to the Chief, Patty Duke akiwa Rais. Kiliishia sehemu saba. Chenyewe kilitegemea sana vurugu za nyumbani kwa Rais: mume, watoto, mapenzi. Iannucci na wenzake hawakufanya hivyo. Selina ana binti, Catherine, na ana mume waliyeachana, na ni mama mbaya kwelikweli, lakini kicheko hakitoki kwenye swali la nani atapika. Kinatoka kazini.

Hata hivyo hawakujifanya kwamba jinsia haipo. Msimu wa tatu, Rais anabadili msimamo kuhusu utoaji mimba na Selina inambidi aseme na yeye anasimama wapi. Mmoja wa wasaidizi anamshauri aanze hotuba kwa kusema kwamba anazungumza kama mwanamke. Anakataa kwa ukali, akieleza kwamba wapiga kura hawatakiwi kukumbushwa jambo hilo. Wanaume hawalipendi, na wanawake wasiowapenda wanawake hawalipendi pia. Watu wanacheka. Lakini mwanamke yeyote aliyewahi kusimama jukwaani kuomba kura, iwe Dodoma au Denver, anajua hesabu hiyo aliipiga usiku kabla ya kulala.

Msimu wa pili anakwenda Helsinki kwa ziara ya kikazi. Mume wa Waziri Mkuu wa Finland anamshika titi. Makamu wa Rais wa taifa lenye nguvu za kijeshi kuliko yote, mwenye walinzi wenye silaha mlangoni, anashikwa mwili bila ridhaa yake, na lililo mezani mara moja ni mahusiano ya nchi mbili. Ananyamaza. Wasaidizi wanajua, wananyamaza pia, ziara inaendelea. Kipindi hakikuhubiri. Kilituonyesha tu kwamba cheo hakikumkinga. Nilicheka sehemu ile nikiwa nimekunja uso, na naamini wanawake wengi walioitazama walikunja uso bila kucheka.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Selina anarithi urais, anagombea, kura za wajumbe wanaomchagua Rais zinafungana 269 kwa 269, na baada ya vuta nikuvute bungeni anaupoteza kwa mwanamke mwingine, Laura Montez. Iannucci aliondoka baada ya msimu wa nne, David Mandel akashika usukani, na upigaji picha ukahama kutoka Maryland kwenda California. Kwa maoni yangu kipindi kilikuwa kikali zaidi na finyu zaidi kuanzia hapo. Matusi yaliongezeka, makaratasi ya ofisi yakapungua. Na matusi, msikilizaji, ni mengi mno. Hiki si kipindi cha kukaa na watoto wala wakwe.

Nina lawama nyingine kubwa kuliko hiyo. Katika sehemu zote 65 mwananchi karibu hayupo. Yupo kama asilimia kwenye kura ya maoni, au kama mkono wa kushikwa na kisha kupanguswa kwa dawa ya Gary. Najua ilikusudiwa hivyo, kwamba hivyo ndivyo Selina anavyotuona. Lakini mtazamaji akikaa humo muda mrefu anaweza kuamini kwamba siasa zote ndivyo zilivyo, akaacha kupiga kura, na hapo vichekesho vitakuwa vimewasaidia akina Selina badala ya kuwaumbua.

Msimu wa mwisho ulichelewa, kwa sababu Louis-Dreyfus alipewa habari kwamba ana saratani ya matiti siku moja tu baada ya kupokea Emmy yake ya sita kwa nafasi hiyo, Septemba 2017. Alitibiwa, akarudi, akamaliza kazi. Na alichomalizia ni kigumu kukitazama. Katika mkutano mkuu wa chama, Selina anauza kila alichowahi kukisimamia ili apate uteuzi. Anaahidi kupiga marufuku ndoa za jinsia moja ilhali binti yake mwenyewe ameolewa na mwanamke. Anamchukua Jonah kuwa mgombea mwenza, mtu ambaye kila aliyemo chumbani anajua hafai. Kisha kuna kashfa ya fedha za mfuko wake wa hisani, na inatakiwa apatikane mtu wa kuibeba. Selina yuko jukwaani, taa zinawaka, watu wanashangilia. Chini ya jukwaa yuko Gary, anamtazama kwa furaha. Maafisa wa FBI wanamkamata. Anageuza macho kumtafuta bosi wake. Bosi anaendelea na hotuba.

Anapata urais tena, safari hii kwa kuchaguliwa, na anakaa peke yake katika ofisi aliyoililia. Miaka 24 baadaye tunaona mazishi yake, na hata siku hiyo vituo vya habari vinamwacha njiani kwa sababu kumetangazwa kifo cha mwigizaji Tom Hanks. Gary anafika mazishini na rangi ya mdomo aliyokuwa akiipenda Selina. Watu wengi walitokwa machozi hapo. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kwa ajili ya Gary, kwamba hata baada ya kifungo bado alikuwa anauhudumia ule mkoba.

Tarehe 21 Julai 2024, Rais Joe Biden alipojiondoa kwenye kinyang'anyiro cha urais wa Marekani na Kamala Harris akawa ndiye anayetazamwa, Wamarekani wengi walirudi kukitazama kipindi hiki. Nawaelewa, ila sidhani walitafuta kitu sahihi. Walitafuta makamu mwanamke anayepanda ghafla. Kwetu Afrika Mashariki hilo haliwezi kuwa kivutio, kwa sababu tumeshaliona kwa macho. Specioza Wandira Kazibwe aliingia kwenye umakamu wa rais Uganda mwaka 1994, miaka 18 kabla Selina hajaingia kwenye televisheni, akakaa hadi 2003. Samia Suluhu Hassan alikuwa Makamu wa Rais wa Tanzania tangu Novemba 2015, na tarehe 19 Machi 2021, baada ya kifo cha Rais John Magufuli, akaapishwa kuwa Rais kwa mujibu wa Ibara ya 37 ya Katiba. Siwataji viongozi hawa ili kuwafananisha na mhusika wa vichekesho. Nawataja kwa sababu mtazamaji wa Kampala au Dar es Salaam anapokaa mbele ya Veep, mwanamke aliye karibu na urais hamshangazi. Kwa hiyo macho yake yako huru kuwaangalia wengine waliomo chumbani, na hao ndio kiini cha kazi hii.

Nina ombi kwa waandishi na waongozaji wetu wa vichekesho, wa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda. Katika vichekesho vyetu vingi nilivyovitazama, mheshimiwa ni mwanaume mwenye kitambi na suti ya kubana, na mwanamke ni mkewe, hawara yake au katibu anayepaka rangi kucha. Tumevichoka. Tuandikieni mbunge mwanamke wa viti maalumu anayelitaka jimbo, mpeni akili na mpeni makosa. Mwekeeni ofisi yenye foleni ya watu wa jimboni waliokuja na shida za karo na misiba, ili lile pengo la Veep lizibwe. Mpeni dereva anayejua mengi, msemaji anayejibu asichokijua, kijana wa mitandao anayetaka cheo. Na yule anayebeba mkoba mpeni jina, mpeni kwao, na mwandikieni siku ambayo anautua chini mwenyewe.